Anza na Mikono, Mashine Itafuata

Kama una duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi kando ya barabara hapa Kinyamaseke, wilayani Kasese, au wewe ni mwalimu uliyekabidhiwa laptopu ya shule, au karani wa chama cha wakulima wa kahawa unayetunza daftari la wanachama kwenye kompyuta, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mashine yako naweza kuikisia bila kuiona. Ni Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyotumikia ofisi ya watu ng'ambo kwa miaka kadhaa, ikaja kuuzwa Kampala, ikapanda basi hadi Kasese. Imekufikia na Windows ambayo hakuna aliyeilipia, na kwenye kona ya skrini pana maandishi ya kijivu yanayokudai leseni kila ukiiwasha.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Mashine haikuzimika siku hiyo, lakini upenyo mpya ukigunduliwa na wezi wa mtandaoni hauzibwi tena, ila kwa aliyejiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kwa hiyo Latitude ya mwaka 2013 inafungiwa nje. Wengi huambiwa wanunue mashine nyingine. Mimi nakuambia usinunue kwanza. Hiyo uliyo nayo bado ina miaka ya kazi ndani yake ukiipa mfumo endeshi wa huria kama Linux Mint au Ubuntu, ambao sheria inakuruhusu kuutumia, kuunakili na kumgawia jirani bila kulipa hata shilingi moja.

Ila usianze na mfumo. Hapo ndipo nimeona watu wakikwama. Mtu anafuta Windows Jumatatu. Jumanne mteja analeta faili ambayo haifunguki kama alivyozoea. Jumatano kitufe anachokijua hakipo. Kufika Ijumaa amemlipa fundi amrudishie Windows ile ile ya wizi, na anatangaza sokoni kwamba Linux ni ya wasomi. Kilichomshinda ni kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Mikono ina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo haifutwi kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo badilisha programu kwanza, ukiwa bado ndani ya Windows, na ujipe mwezi mzima.

Programu zenyewe ni chache. Chukua LibreOffice badala ya Word na Excel, Firefox kwa intaneti, GIMP kwa picha, Inkscape kwa mabango na nembo, na VLC kwa filamu na muziki. VLC huenda unayo tayari, maana karibu kila anayeonyesha filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ wa Kampala anaitumia bila kujua kwamba ni programu huria. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako moyo wake ni Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland. Na muuguzi wa kituo cha afya anayepeleka ripoti ya mwezi kwa Wizara ya Afya kupitia DHIS2 anatumia programu huria iliyozaliwa Afrika Kusini na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo. Huingii nchi ya kigeni, basi. Umekwisha kuishi humo kwa muda.

LibreOffice ndiyo itakayokula muda wako mwingi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Ukiifungua mara ya kwanza utaona vitufe vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu, si vile vichupo vya Word. Nenda kwenye View, kisha User Interface, uchague Tabbed. Sura yake itakaribiana na uliyoizoea. Faili zako za kudumu zihifadhi katika muundo wake wenyewe wa .odt na .ods. Mteja akitaka hati ambayo mtu mwingine ataendelea kuihariri, mhifadhie katika .docx. Akitaka ya kuchapa tu, mpe PDF. Kitufe chake kipo juu kabisa. Mimi hushikilia sana jambo hili la PDF. Mtihani wa shule ulioandikwa Kinyamaseke ukaenda kuchapwa Kasese ukiwa .docx unaweza kufika na swali la 7 limerukia ukurasa wa pili na mchoro umelala juu ya maandishi, hata kama pande zote mbili zinatumia Word. PDF haitikisiki njiani.

Kuna kazi moja ambayo itakuuma, nayo ni kadi. Maduka yetu mengi hutengeneza kadi za harusi, ratiba za mazishi na vyeti kwa Microsoft Publisher. Publisher yenyewe Microsoft imetangaza kwamba haitaitunza baada ya Oktoba 2026, kwa hiyo hata asiyetaka kuhama atalazimika kutafuta pa kwenda. LibreOffice Draw hufungua faili za .pub, lakini mara nyingi maandishi huja ila mpangilio huteleza. Usisubiri siku ya mteja. Ungali na Publisher, fungua kila kiolezo unachokitumia na ukitoe katika PDF, upate pa kutazamia. Kisha chagua vile vitano vinavyokuletea pesa zaidi, uvitengeneze upya katika Draw au Inkscape, kimoja kila jioni duka likitulia. Cha kwanza kitakuchukua saa mbili na utakichukia. Cha tano utakimaliza kabla chai haijapoa.

Katika mwezi huo huo, andika kwenye karatasi kila kitu unachokifanya kwenye kompyuta, hata kile cha mara moja kwa mwaka. Huduma za serikali zinazofunguka kwenye kivinjari, kama mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), hazijali mfumo endeshi wako. WhatsApp ya wavuti nayo hivyo hivyo. Kinachotaka uangalifu ni fomu za Excel zenye makro ambazo baadhi ya ofisi hutoa ujaze na kuzirudisha, na programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee. Ukikuta hata moja unayoitegemea, acha Windows ibaki pembeni kwenye diski hiyo hiyo, au ibaki kwenye mashine moja ya duka. Hakuna aibu katika hilo. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs pale Nkozi kilipojihamishia kwenye programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000, nacho kilikwenda hatua kwa hatua.

Mwezi ukiisha, tafuta mfumo wenyewe. Kwa anayetoka Windows mimi hupendekeza Linux Mint. Ina menyu chini kushoto, saa chini kulia, na faili ziko pale unapozitarajia. Toleo la 22 litatunzwa hadi 2029. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 ipe Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Yenye 8 ipe ya Cinnamon. Yenye 2 itawaka na itaandika barua vizuri, lakini ukifungua kurasa tano za Firefox itaanza kuhema. Kama una pesa kidogo ya kutumia, usiitumie kwenye kitu kingine kabla ya kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Tofauti utaiona mashine ikiwaka tu.

Faili ya Mint ina karibu gigabaiti 3. Kwa bando la siku, hiyo ni pesa, na mtandao ukikatika katikati unaweza kubaki na faili iliyovunjika ambayo kwa macho inaonekana nzima. Ipakue Kasese mjini kwenye mtandao ulio imara, au muombe aliye nayo akunakilie. Halafu uikague. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapewa mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Ikitofautiana hata herufi moja, faili hiyo usiitumie, hata kama aliyekupa ni ndugu yako.

Kuiweka kwenye flashi tumia Rufus, au Ventoy ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu flashi moja inabeba mifumo kadhaa na nafasi inayobaki unaweka faili zako nyingine. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Kaa humo kwanza. Huu ndio wakati wa kujaribu kila kitu: sauti, kamera, Wi-Fi, na hasa printa. Epson za L zenye matangi ya wino, ambazo zimejaa madukani, kwa kawaida hutambulikana. Printa za HP nyingi hutambulikana pia. Canon ndogo za leza, kama LBP6030, zinadai programu yake kutoka kwa Canon wenyewe. Ipakue kabla ya siku ya kuhama. Wi-Fi ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ugavi wa intaneti kwa njia ya USB kwenye simu. Mashine itapata mtandao, kisha Driver Manager itakutafutia kilichokosekana.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kusimika, nakili kila faili unayoihitaji kwenye diski ya nje, na uifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inafunguka. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa kufungulia kwenye karatasi. Kama Windows itabaki pembeni, ingia kwenye mipangilio yake ya umeme uzime Fast Startup, la sivyo utakuta diski yake inasomeka tu kutoka Linux na haikubali kuandikwa. Kisha simika, betri ikiwa imejaa na waya umechomekwa. Umeme wetu mnaujua. Utaulizwa kama unataka Mint ikae kando ya Windows au diski ifutwe yote. Soma sentensi hiyo mara mbili. Kila mtu ninayemjua aliyepoteza picha za watoto wake kwenye kompyuta alizipotezea kwenye ukurasa huo.

Siku za kwanza ndani ya mfumo mpya, mambo matatu yatakusumbua kuliko mengine.

La kwanza ni flashi. Ukinakili faili kwenye flashi, mstari wa maendeleo unaweza kufika mwisho huku maandishi yenyewe bado yamo kwenye kumbukumbu ya mashine, yanasubiri kuandikwa. Windows imetuzoesha vibaya kuchomoa tu. Niliwahi kuchomoa hivyo flashi yenye ratiba ya mazishi. Kijana wa ukoo akapanda boda hadi Bwera kwenda kutoa nakala nyingi, akafungua, faili ni tupu. Alirudi, nikamwandalia tena, lakini watu walikaa kando ya kaburi bila ratiba mikononi kwa sababu yangu, na hilo sijalisahau. Bonyeza alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, subiri uambiwe ni salama, ndipo uchomoe. Mfundishe na kijana anayekusaidia dukani.

La pili ni majina. Kwa Linux, Barua na barua ni faili mbili tofauti. Diski C na D pia hazipo. Vitu vyako vyote vinakaa ndani ya folda ya Home, na flashi hujitokeza kwa jina lake.

La tatu ni nenosiri. Mfumo utakuuliza kila unapotaka kusimika programu, na ukiliandika kwenye dirisha la amri, liitwalo terminali, inaweza kutokea kwamba hakionekani kitu, hata nukta. Kibodi haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter. Sababu ya kuulizwa ni programu isijipenyeze kwenye mfumo bila wewe kuifungulia mlango; virusi vya flashi vyenyewe hushindwa humu kwa sababu vimeandikwa kwa Windows. Kwa hiyo usinakili amri ya mtu usiyemjua na kuibandika kwenye terminali kabla hujaelewa inafanya nini.

Kuhusu virusi hivyo vya flashi, hapa utapata kazi ambayo pengine hukuitarajia. Unajua ile hali ya mwanafunzi kuleta flashi ambayo folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, naye analia kwamba kazi yake ya muhula imepotea. Haijapotea. Kirusi kimezificha folda za kweli, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina, na Windows inatii ule ufichaji. Linux haiutii. Chomeka flashi hiyo kwenye Mint na mara nyingi folda zitakuwa zimekaa wazi mbele yako. Zinakili, futa zile faili zinazoishia na .lnk na .vbs, na umrudishie mtu kazi yake. Usisahau kufuta, kwa maana wewe hutaugua lakini mteja wa pili utamwambukiza.

Maandishi nayo yana lake. Times New Roman haiji na Mint, lakini ipo Liberation Serif yenye vipimo vile vile, kwa hiyo mistari haihami. Badala ya Calibri weka Carlito. Kwa wanaotaka herufi za Microsoft zenyewe, kuna kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer. Kama laptopu yako ilipitia upande wa Congo na kibodi yake ni ya Kifaransa, ile inayoanza na AZERTY, iambie Mint hivyo kwenye mipangilio ya kibodi. Unaweza kuwa na mipangilio miwili na kuihamisha kwa kubonyeza vitufe viwili. Wateja wa Kasindi kule Congo wanaotaka barua ya Kifaransa yenye alama zake zote watakushukuru.

Na Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na mitihani na barua za Kiswahili zimeanza kutufikia madukani. Ukiandika Kiswahili bila kamusi, kila neno linapigiwa mstari mwekundu hadi kosa la kweli linajificha humo. Simika kifurushi cha hunspell-sw, kisha katika LibreOffice chagua Swahili kuwa lugha ya hati. Walitangulia wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Wangewezaje kuitafsiri kama ingekuwa imefungwa? Chanzo kilikuwa wazi, wakaingia. Hati ya Lhukonzo, lugha ya hapa, iwekee lugha ya None, mistari myekundu itaondoka.

Lililobaki ni bando, na hapa wengi hupoteza pesa bila kujua. Ukifungua Software Manager, programu nyingi huja kwa namna mbili: kifurushi cha mfumo na Flatpak. Flatpak mara nyingi ni nzito sana kwa sababu hubeba mizigo yake yote. Chagua kifurushi cha mfumo kila kinapokuwepo. Kwenye Update Manager zima ule ukaguzi wa kujiendesha, uweke siku moja ya wiki ya kusasisha mwenyewe, usiku kama bando lako la usiku ni nafuu. Masasisho ya usalama usiyaruke. Washa na Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi jana yake. Faili zako za kazi Timeshift haizilindi kwa mipangilio yake ya kawaida. Hizo endelea kuzinakili kwenye diski ya nje.

Ukisimika kwa amri, tumia apt-get. Vifurushi ilivyovipakua hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, na mashine nyingine yenye toleo lile lile la Mint inaweza kuvitumia vikiwekwa kwenye folda yake kama hiyo. Maana yake duka la pili hapa Kinyamaseke, au shule iliyo juu milimani, haina haja ya kulipia upya kile ulichokwisha kukilipia. Weka vifurushi hivyo kwenye flashi ile ile ya Ventoy, pembeni ya faili ya Mint, na juu ya flashi bandika karatasi yenye namba ya toleo na tarehe uliyoikagua. Jirani akija jioni, mpe alale nayo, airudishe asubuhi.